Themostati ya kuyeyushia barafu kwenye jokofu: nimeambiwa imekufa, je ni kweli na nifungeje nyingine?

Mkazi wa Ipagala

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenisumbua tangu mvua za Desemba zilipoanza, na ambalo limeshanigharimu fedha mara mbili bila jokofu kupona.

Jokofu langu ni la milango miwili, friza ikiwa juu, la aina ile inayojiyeyushia barafu yenyewe. Nina mwaka wa saba nalo. Halina bodi ya elektroniki wala tarakimu zinazowaka mlangoni. Ndani kuna kitufe kimoja tu cha kuzungusha ili kuongeza au kupunguza ubaridi. Dalili zilianza hivi: maziwa yaliyokuwa chini yakawa yanachacha baada ya siku moja na mboga zikanyauka, ilhali nyama ya friza ilibaki imeganda kama jiwe. Feni ya ndani ikaanza kukwaruza, kisha ikanyamaza kabisa. Kompresa ikawa haipumziki usiku wala mchana, na uniti za LUKU ambazo zamani zilitufikisha mwisho wa mwezi zikawa zinaisha tarehe 20.

Fundi wa kwanza alisema gesi imepungua. Alilichomoa, akaliacha wazi siku nzima, kisha akaongeza gesi, na lilipowashwa likapoza vizuri sana. Baada ya siku kumi na mbili mambo yakarudi yale yale. Nikamwita tena, akaongeza gesi tena, likapona kwa muda wa wiki mbili hivi. Mara ya tatu nilimwita fundi mwingine, naye akafungua ukuta wa plastiki ulio nyuma ya friza. Nilikuwa nimesimama pale pale. Mabomba yote yalikuwa yamefunikwa na barafu nyeupe, nene kama tofali, kuanzia juu hadi chini, na mapanga ya feni yalikuwa yamenasa ndani yake. Aliiyeyusha, akachomoa kidude cha duara kisichozidi ukubwa wa sarafu, chenye nyaya mbili, kilichokuwa kimebanwa kwenye bomba kwa klipu. Akakipima juu ya meza ya jikoni kwa mita ya fundi, ile inayolia umeme ukipata njia ya kupita, na mita haikulia. Akasema hiyo ndiyo themostati ya kuyeyushia barafu na kwamba imekufa. Kwa maelezo yake nina njia mbili: ninunue nyingine, au aziunganishe zile nyaya mbili moja kwa moja, kwa kuwa kidude hicho hakina kazi kubwa.

Nimemwomba asiunganishe chochote hadi nielewe. Je, ni kweli imekufa? Nikienda Majengo madukani nitaje nini ili nisiuziwe isiyofaa? Na je, kuifunga ni kazi ninayoweza kuifanya nyumbani nikisaidiwa na mdogo wangu, ambaye hufunga umeme wa majumbani? Kwa sasa jokofu liko wazi na vyakula nimevihifadhi kwa jirani.

Fundi wa Area C

Dada wa Ipagala, pole kwa hasara, na umefanya vema kukataa nyaya hizo zisiunganishwe. Nimetengeneza majokofu hapa Dodoma kwa zaidi ya miaka kumi na tano, na kila msimu wa mvua huletewa majokofu ya aina yako yenye ugonjwa huu huu, mengi yakiwa yameshajazwa gesi bila sababu.

Nianze na gesi, maana ndiko fedha zako zilikopotelea. Gesi ikipungua, barafu hujitokeza kwenye sehemu ndogo tu ya mabomba, pale gesi inapoingilia, na mabomba yanayofuata hubaki matupu. Wewe umeona barafu nene iliyosambaa kote. Maana yake gesi ilikuwa inafika kila mahali na kompresa ilikuwa inafanya kazi yake. Kilichoshindikana ni kuyeyusha. Jokofu lilipona mara zote mbili kwa sababu liliachwa wazi siku nzima na barafu ikaondoka yenyewe, na zile siku kumi na mbili ndizo zilizotosha barafu kujaa upya. Baridi ya sehemu ya chini haitengenezwi chini, bali hutoka kwenye mabomba hayo ya friza ikisukumwa na feni kupitia njia ya hewa. Njia ikizibwa, juu kutaganda na chini kutakuwa na joto, na kompresa haitapumzika kwa kuwa kule chini hakufikii ubaridi ulioutaka.

Sasa tuje kwenye kidude chenyewe. Jokofu lako, kwa maelezo uliyotoa, bila shaka lina taima ya kuzunguka. Taima huhesabu saa za kazi, na kila baada ya saa 6 hadi 12, kutegemea muundo, huisimamisha kompresa pamoja na feni na kupeleka umeme kwenye hita iliyo chini ya mabomba kwa dakika 20 hadi 30 hivi. Umeme huo hupita kwenye themostati. Ndani ya themostati kuna kipande cha metali mbili zilizogandamana, na kwa kuwa kila moja hutanuka kwa kiwango chake, joto likibadilika kipande hicho hujipinda kwa ghafla. Mabomba yakiwa na baridi kali huwa kimeunganisha, hivyo hita inawaka. Barafu ikiisha na bomba likafika nyuzi 10 hadi 13 hivi za Selsiasi, hukata, ili hita isiendelee kuichemsha friza. Baada ya hapo hakiunganishi tena mpaka bomba lishuke nyuzi kadhaa chini ya sifuri.

Ukilishika hilo utaona kosa la kile kipimo cha mezani. Jikoni kwako mchana wa Desemba hakupungui nyuzi 27 au 28. Themostati nzima kabisa, hata ikiwa imetoka dukani sasa hivi, ukiipima katika joto hilo itakuwa imekata na mita haitalia. Ingelia pale mezani ndipo ningesema imeharibika, kwa maana ingekuwa imeng'ang'ania kuunganisha. Hili linaniuma kwa sababu nimeona themostati nzima zikitupwa, mwenye jokofu ananunua nyingine, na barafu inarudi vile vile kwa kuwa kilichokatika kilikuwa hita.

Ipime ikiwa kwenye baridi. Maji ya barafu peke yake hayatoshi, kwa kuwa yanaishia sifuri na themostati nyingi bado hazijaunganisha hapo. Ponda barafu, uichanganye na chumvi ya kawaida kwa kadiri ya kipimo kimoja cha chumvi kwa vitatu vya barafu, na mchanganyiko huo utashuka chini ya sifuri kwa zaidi ya nyuzi kumi. Tia themostati ndani ya kidole cha glovu ya mpira ili isilowe, nyaya zikiwa nje, uizamishe na kuiacha kwa dakika kumi na tano huku ukiwa umeiunganisha na mita. Ikiwa nzima utasikia mlio mdogo sana, tak, na mita italia. Ikiendelea kunyamaza, hapo tutasema imekufa. Iangalie pia upande wake wa plastiki. Ile iliyoingiwa na maji mara nyingi huvimba, na iliyovimba usiirudishe hata kama bado inaunganisha.

Ukishapima tuletee jibu kabla ya kununua chochote.

Mwalimu wa Fizikia, Kondoa

Nakubaliana na Fundi kwa yote, na ninaomba niongeze yale ambayo mdogo wako anaweza kuyapima wakati ukuta bado umefunguliwa, kwa sababu themostati ni kiungo kimoja tu katika mnyororo wa vinne: taima, fyuzi ya joto (ile inayokata umeme joto likizidi), themostati na hita. Kimoja kikikatika, dalili huwa ile ile.

Hita hupimwa ikiwa imechomolewa kwenye nyaya zake na jokofu likiwa limetolewa kwenye soketi. Tafuta wati zilizoandikwa juu yake. Chukua volti 230, uzizidishe kwa 230, kisha ugawanye kwa wati hizo. Hita ya wati 150 itatoa omu 350 na ushee, na ya wati 200 itatoa omu 265 hivi. Mita ikionyesha namba iliyo karibu na hiyo, hita ni nzima. Isipoonyesha chochote, waya wa ndani umekatika, na kubadilisha themostati hakutasaidia. Fyuzi ya joto ni kinyume cha themostati kwa namna moja: yenyewe inapaswa kulia kwenye mita hata katika joto la jikoni. Fyuzi isiyolia imekwisha na hairudi tena.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tunaoishi pembezoni mwa miji tunapaswa kuliangalia, nalo ni umeme dhaifu wa jioni. Nguvu ya hita haipungui sawa na volti, bali hupungua kwa kipeo cha pili. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, hita ya wati 150 hubaki na wati 92 tu. Taima haijali hilo. Dakika zake zikitimia inazima hita na kuwasha kompresa, hata kama nusu ya barafu bado ipo, na barafu iliyobaki huwa msingi wa barafu ya kesho. Niliwahi kuhangaika miezi miwili na jokofu ambalo kila kiungo chake kilikuwa kizima, hadi nilipopima soketi saa mbili usiku na kukuta volti 176.

Ipo pia njia ya kujua kama hita inawaka bila kufungua kitu, nayo ni mita ya LUKU. Zima kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa jokofu, kisha zungusha taima kwa bisibisi hadi isikike ikigonga na kompresa ikanyamaza. Tazama taa nyekundu ya mita. Ikiwa mita yako imeandikwa kwamba uniti moja ni mimweko 1000, hita ya wati 150 italeta mmweko mmoja kila baada ya sekunde 24. Taa ikitulia dakika tatu au nne bila kumweka, hakuna hita inayowaka. Kipimo hiki kifanywe jokofu likiwa limefanya kazi kwa saa kadhaa na mabomba yana baridi, la sivyo themostati nzima itakudanganya kama ilivyomdanganya yule fundi wa mezani.

Binti wa Mpwapwa

Shikamoo Fundi, shikamoo Mwalimu. Dada wa Ipagala, nakuomba sana usikubali kuunganishiwa nyaya moja kwa moja, maana kwetu ilifanyika na nimeyaona matokeo.

Jokofu la mama lilipoziba barafu, fundi aliiondoa themostati na kuziunganisha nyaya zake. Kwa wiki chache tulifurahi, kwa sababu barafu ilikuwa inayeyuka. Kisha tukaanza kukuta samaki wamelainika nje huku ndani wakiwa wameganda, na trei ya vipande vya barafu ikawa na maji juu. Hita ilikuwa inawaka muda wote wa taima, barafu iwepo isiwepo. Siku moja fyuzi ya joto ikakatika, jambo ambalo sasa naelewa kwamba ilikuwa inatutetea. Fundi yule alipoitwa aliziunganisha moja kwa moja nyaya za fyuzi pia. Baada ya hapo tulisikia harufu ya plastiki inayoungua, na tulipofungua, ukuta wa nyuma wa friza ulikuwa umepinda kama sahani iliyosahauliwa karibu na jiko, na sponji nyeupe iliyo nyuma yake imeyeyuka na kuacha shimo. Tulilichomoa papo hapo na halijawashwa tena.

Ninalo swali kwa Fundi. Jokofu tulilonunua baadaye lina tarakimu mlangoni. Likipatwa na shida hii, je, nalo litakuwa na themostati ya namna hiyo?

Fundi wa Area C

Marahaba binti, na poleni sana. Maelezo yako yanatosha kumwonyesha mtu yeyote kwa nini fyuzi haiunganishwi. Naongeza moja tu: majokofu mengi ya miaka ya karibuni yanatumia gesi ya R600a, ambayo kwa asili yake ni ndugu wa gesi ya kupikia na huwaka. Hita zake hutengenezwa kwa tahadhari maalumu, nyingine zikiwa na kioo tabaka mbili, ili zisifikie joto la kuiwasha gesi ikiwa imevuja. Ukiondoa themostati na fyuzi umeondoa tahadhari hiyo. Aina ya gesi huandikwa kwenye kibandiko kilicho ndani ya mlango au nyuma karibu na kompresa, na dada wa Ipagala akisome kabla ya mtu yeyote kulehemu chochote.

Kuhusu swali lako: jokofu lenye bodi kwa kawaida halina taima ya kuzunguka, na badala ya themostati hii wengi huweka sensa kwenye bomba. Sensa nayo ina nyaya mbili na imebanwa kwa klipu, ndiyo maana watu hukosea. Tofauti huonekana kwenye mita. Themostati huunganisha kabisa au hukata kabisa, haina katikati. Sensa huonyesha maelfu ya omu, na namba hupanda kadiri inavyopoa. Kuweka themostati mahali pa sensa, au kinyume chake, ni kuipa bodi taarifa ya uongo. Yapo pia yenye vyote viwili, hivyo fuata nyaya usifuate umbo.

Mkazi wa Ipagala

Nawashukuru wote. Nimepima leo asubuhi na ninaleta majibu.

Hita imeandikwa wati 150 na mdogo wangu amepata omu 348. Fyuzi ya joto inalia. Themostati tuliifunga ndani ya kidole cha glovu kama Fundi alivyoelekeza, tukaizamisha kwenye ndoo ndogo ya barafu na chumvi. Tulisubiri dakika kumi na tano, kisha tukaongeza hadi nusu saa, tukiwa tumeinamia ile ndoo tukisubiri mlio. Haikulia. Nilipoitoa na kuifuta niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona awali: upande wake wa plastiki umevimba katikati, na nilipoubonyeza kwa ukucha, tone la maji lenye rangi ya kutu lilitoka pale nyaya zinapoingilia. Naona fundi wa pili alipatia jina la ugonjwa ingawa kipimo chake hakikuwa kipimo.

Kibandiko kinasema gesi ni R134a, si ile R600a inayowaka. Juu ya themostati yenyewe maandishi yamefutika, isipokuwa herufi L na tarakimu 5 inayoifuata. Naomba mwongozo wa kununua na kufunga.

Fundi wa Area C

Sasa tuna uhakika, na kazi iliyobaki ni ya saa mbili au tatu kwa mtu mwenye subira.

Nenda dukani na hicho kibovu mkononi pamoja na namba ya modeli uliyoisoma kwenye kibandiko. Usikubali kuuziwa kwa kufanana umbo. Kwa zile zinazoandikwa L, namba inayofuata ni kiwango cha kukata kwa nyuzi za Farenhaiti: L50 hukata kwenye nyuzi 10 za Selsiasi na L55 kwenye nyuzi 13, lakini ipo L140 yenye mwili ule ule ambayo hukata kwenye nyuzi 60. Ukiifunga hiyo utakuwa umekaribia sana kuunganisha nyaya moja kwa moja. Tano uliyoiona inatuambia yako ilikuwa kati ya zile mbili za kwanza. Katika majokofu mengine themostati na fyuzi ya joto huja pamoja ndani ya kipande kimoja chenye nyaya nne. Ikiwa lako liko hivyo, badilisha kipande chote. Hiyo mpya nayo uipime kwenye ndoo ya barafu na chumvi kabla ya kuifunga, kwa sababu kuna zinazotoka dukani zikiwa hazifai, na kukata nyaya mara mbili ni kuzifupisha bure.

Jokofu likiwa limechomolewa kwenye soketi, na si kuzimwa kwa kitufe tu, hakikisha mabomba ni makavu. Barafu yoyote iliyosalia iyeyushwe kwa kuweka sufuria ya maji ya moto ndani ya friza na kufunga mlango, maji yakibadilishwa kila yanapopoa. Kisu na bisibisi visiguse barafu. Mabomba hayo ni aluminiamu laini, na nimeshika majokofu yaliyokuwa na kosa la themostati tu, yakawa ya kutupwa kwa tundu moja la kisu. Mimina maji ya uvuguvugu kidogo kwenye tundu la chini linalopeleka maji nje. Yakisimama, lizibue sasa hivi, kwa kuwa maji yatakayoyeyuka yatakosa njia, yataganda sakafuni na kupanda tena hadi kwenye feni.

Kabla ya kukata, piga picha ya mahali themostati ilipobanwa na njia ya nyaya zake. Mahali hapo hapakuchaguliwa ovyo. Watengenezaji huiweka sehemu ya mabomba inayochelewa kuisha barafu, kwa kawaida juu, mbali na hita. Ukiibana karibu na hita itapata joto mapema na kukata wakati nusu ya barafu bado ipo, na utarudi hapa ukisema hata mpya ni mbovu. Uso wake wa metali ulale sawasawa juu ya bomba na klipu ibane kiasi kwamba ukiisukuma kwa kidole haiyumbi.

Kata nyaya karibu na ile mbovu ili ubakiwe na urefu wa kutosha. Maungio ndiyo sehemu ambayo mafundi wengi huiharakisha, nami naomba mdogo wako asiiharakishe. Nyaya zisokotwe na kulehemiwa kwa risasi, au zibanwe kwa kifungio cha chuma, kisha zivishwe mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Mpira huo uuvishe kwenye waya kabla ya kulehemu, maana baadaye hautapita. Utepe wa umeme peke yake haufai hapa. Mahali hapa hulowa na kuganda mara mbili au tatu kwa siku, utepe huachia, unyevu hupenya, na ndivyo hata themostati yako ilivyoingiwa na maji. Elekeza maungio juu, uache waya ushuke kidogo kabla ya kuingia kwenye themostati ili tone la maji lidondoke pale waya ulipopinda badala ya kufuata waya hadi ndani. Nyaya zote zikae mbali na hita. Ikiwa ulikuta waya wa ethi kwenye mabomba, usiusahau.

Usirudishe skrubu zote kabla ya jaribio. Rudisha ukuta na feni, washa, liache lifanye kazi kwa saa nane au usiku mzima, kisha zungusha taima na uhesabu mimweko kama Mwalimu alivyoeleza. Mwishowe, kwa kuwa umeongezewa gesi mara mbili bila kuhitaji, tazama bomba nene linalorudi kwenye kompresa kwa nyuma. Likiwa na barafu au likitiririsha maji muda wote wakati kompresa inafanya kazi, gesi imezidi na inabidi ipunguzwe na mtu mwenye geji, la sivyo itaichosha kompresa.

Mwalimu wa Fizikia, Kondoa

Fundi, naomba kuuliza kwa faida ya wengine. Wauzaji wengi hushauri mtu abadilishe hita, fyuzi na themostati vyote kwa pamoja, wakisema vina umri mmoja. Unalionaje?

Fundi wa Area C

Mwalimu, kwa fyuzi nakubali, hasa ikiwa ni kipande kimoja na themostati. Kwa hita sikubali. Hita iliyopimwa ikatoa omu zake, na ambayo kioo chake hakina ufa wala weusi kwenye ncha, haina sababu ya kuondolewa, na kuiondoa kwenyewe huweza kupindisha mabomba. Ningependa mteja atumie fedha hiyo kununua kilinda volti chenye kuchelewesha umeme unaporudi, kwa kuwa hapa kwetu umeme ukikatika na kurudi ghafla kinachoumia kwanza ni kompresa.

Nami niseme jambo moja kuhusu msimu, kwa sababu watu huniuliza kwa nini majokofu huharibika wakati wa mvua. Mara nyingi yalikuwa yameshaharibika. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya Dodoma ni kavu mno na unyevu unaoingia kila mlango unapofunguliwa ni mdogo, hivyo jokofu lisiloyeyusha linaweza kujikokota wiki nyingi bila kuziba. Mvua zikianza, hewa ile ile inaingia na maji, na barafu ya mwezi mzima inajaa kwa siku kumi.

Mkazi wa Ipagala

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tano.

Themostati niliipata Majengo katika duka la nne, imeandikwa L55, na bei yake haikufika hata robo ya nilichotozwa kwa gesi. Tuliipima kwanza kwenye ndoo. Dakika ya saba ililia tak, na mdogo wangu alishtuka hadi akaangusha waya wa mita. Tulilehemu na kuvisha mpira, tukaibana juu kabisa pale pale pa zamani kwa kufuata picha. Tundu la maji tulilikuta limezibwa na ganda la nyanya na utelezi mweusi, tukalizibua.

Asubuhi iliyofuata nilizungusha taima nikaenda kusimama kwenye mita ya LUKU na saa mkononi. Mmweko wa kwanza, kisha wa pili baada ya sekunde 25. Baada ya dakika kumi na nane taa ikatulia, na nilipoinama nyuma ya jokofu nilisikia maji yakidondoka kwenye trei iliyo juu ya kompresa. Bomba la nyuma, Fundi, lilikuwa na ukungu wa maji asubuhi tu, likikauka mchana, halina barafu.

Jana nimefungua tena ukuta wa friza ili nijiridhishe. Kuna vumbi jembamba la barafu kwenye mabomba ya chini, na juu metali inaonekana. Maziwa yanakaa siku nne, na leo tarehe 26 bado nina uniti.